Fundi Umeme Alivyojifunza Kulaza Uzi

Ijumaa hii, tarehe 28, Fundi Umeme anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya kushona majoho kwa miaka thelathini na minne. Wageni watusamehe kwa kutotumia jina lake la kwenye vyeti. Ukilitaja hapa kazini, watu wanakuuliza huyo ndiye nani.

Jina la Umeme tulimpa sisi wa meza ya kukatia. Akikalia cherehani, joho lilishuka kabla hujamaliza kukunja lililotangulia. Alikuwa na mguu mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Darizi ya mkono aliiita kazi ya watu wasiojua njaa.

Ndipo chuo kimoja kilipoagiza joho la mkuu wake: mahameli nyeusi, ukingo wa uzi wa dhahabu mnene kama njiti ya kiberiti. Umeme akautia kwenye cherehani kwa madaha. Sindano ikavunjika, uzi ukachambuka, mahameli ikatoboka. Mdarizi wetu wa mwisho alikuwa ameshahama, kwa hiyo meneja akaamua kazi irudishwe, na chumba cha darizi kifanywe stoo.

Mtu wa mwisho tuliyemtarajia akasimama. "Chumba kisifungwe," alisema Umeme. "Nipeni wiki mbili." Tulicheka. Yeye hakucheka.

Aliyeijua kazi hiyo alikuwa mama mkwe wake, mdarizi wa siku nyingi. Wenye wakwe mnanielewa. Mwanamume aliyezoea kumwamkia mama huyo kutoka mlangoni, macho chini, sasa alikaa naye goti kwa goti, fremu ya kitambaa katikati yao, akifundishwa kushika sindano.

Uzi mnene haupenyezwi kwenye kitambaa. Unalazwa juu yake, ukifuata mchoro, kisha uzi mwembamba unatokea chini, unauvuka na kurudi chini, ukiushikilia mahali pake. Kusema ni rahisi. Umeme alivuta kwa nguvu, dhahabu ikabanwa kiuno kama nyigu na kitambaa kikajikunja. Mama akatazama, akauliza kwa upole, "Mkwe wangu, unashika uzi au unafunga mbuzi?"

Akafumua. Safari ya pili alilegeza mno, uzi ukayumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Akafumua tena. Mwishowe aliomba udhuru, akatoka uani kufuta machozi, kwa sababu hakuwahi kushindwa na kitambaa tangu aanze kazi. Mama alimfuata huko huko.

"Mikono yako haina kasoro, mwanangu," alimwambia. "Inakimbia tu. Iambie hakuna anayeifukuza."

Akarudi kwenye fremu. Mtihani wenyewe ulikuwa kona, maana uzi mnene hupenda kujizungusha badala ya kukunjika. Umeme aliushona kwenye ncha kabisa, akaubana kwa ukucha, ndipo akaugeuza. Kona ikasimama, kali kama ya bahasha. Mama aliipapasa kwa kidole, akapaza sauti kumwita binti yake aliyekuwa jikoni: "Njoo uone! Mume wako amekuwa mdarizi!" Umeme anasema hata siku ya harusi hakusifiwa hivyo.

Joho lilikamilika kwa wakati. Siku ya mahafali karakana nzima ilijipanga nje ya uzio wa chuo, na mkuu alipopita juani, ukingo ule ukawaka. Tulipiga makofi kuliko wazazi wa wahitimu.

Chumba hakikufungwa. Umeme mwenyewe aliiacha cherehani, akahamia humo. Humo yamedariziwa majoho ya majaji, na pazia la ukumbi wa maonyesho, zito kiasi kwamba tulilibeba mabegani kama jeneza la tajiri. Wanaodarizi humo leo wote wamepita mikononi mwake, pamoja na mimi mkataji ninayeandika haya, niliyezoea mkasi tu. Hajawahi kumfokea anayefumua. Huvuta kiti, akakaa karibu, akangoja.

Fundi, asante. Umetuachia kazi ambayo tunaifanya vichwa juu. Kapumzike vizuri, ulale mpaka jua likuchoke, uwachoshe wajukuu kwa hadithi zako. Afya na furaha visikupungukie. Na siku ukituona getini kwako, kitambaa kwapani na nyuso za aibu, usiulize kulikoni. Tufungulie tu.