Mwalimu Ketini Anastaafu, Ziara Haistaafu

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, mwalimu wetu wa sanaa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba kile kile cha mwisho wa korido, chenye bomba lisilofunga vizuri na harufu ya gundi isiyosikia sabuni. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Ketini. Mimi ninayeandika ni mwalimu wa hesabu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Ofisi imeniomba niandike maneno mazuri, mafupi, na nisiguse habari za ziara. Mazuri yapo tele. Hilo la ziara, tusidanganyane.

Alifika hapa akiwa msichana mwenye boksi moja la brashi na mdomo usio na breki. Wiki ya kwanza aligundua kwamba karatasi za kuchorea zinatumika kufungia chaki stoo, akamtolea uvivu mtunza stoo mbele ya watu. Tangu siku hiyo wawili hao wanakunywa chai pamoja. Vibao vyote vya shule hii amevichora yeye, pamoja na kile cha kukataza kukimbia koridoni, amri ambayo yeye mwenyewe hajaitii hata siku moja.

Lakini kazi yake kubwa ni ziara ya darasa la saba kwenda kutazama maonyesho ya picha katika ukumbi wa mjini, kila muhula wa pili. Mwaka wa kwanza aliambiwa basi hakuna. Akawapanga watoto arobaini na mmoja wawili wawili, wakaenda kwa miguu. Mwaka uliofuata basi likapatikana.

Mimi niliingizwa kwa nguvu, nisaidie kuhesabu watoto. Nilinuna njia nzima kwa sababu vipindi vyangu viwili vilikuwa vimeliwa. Tulipofika alisimama mlangoni pa ukumbi akasema neno moja tu: ketini. Kila mtoto akaketi sakafuni mbele ya picha moja, nusu saa, bila kusoma kikaratasi cha maelezo, kisha akachora alichokiona. Mhudumu wa ukumbi, aliyekuwa ameing'arisha sakafu tangu asubuhi, alitufuata na ufagio kama askari. Miaka miwili baadaye alianza kututandikia mikeka mwenyewe.

Halafu kuna kosa langu, na nalikiri hapa kwa maandishi. Mwaka mmoja, kwa kuona kwamba watoto wanapoteza muda kuchagua, nilichukua orodha ya picha ya mwaka uliopita nikagawa namba. Picha namba kumi na saba ilikuwa imeshushwa kwenda kutengenezwa. Binti mmoja mpole, ambaye darasani kwangu hakuwahi kunyoosha mkono, akapata namba hiyo, akaketi mbele ya ukuta mtupu. Hakulalamika, kwani mwalimu wa hesabu akishatoa namba nani atambishia? Alipomaliza nusu saa alikuwa amechora msumari, kivuli cha msumari, uzi wa buibui, na alama ya mraba pale ambapo picha iliukinga ukuta usipauke.

Mimi ningempa sifuri. Mwalimu Ketini aliishika ile karatasi, akaitazama kwa muda mrefu mpaka na mimi nikaanza kuitazama. Kisha akaongea na mhudumu, wakaitundika kwenye msumari ule ule. Ilikaa siku tisa. Mama yake yule binti, fundi cherehani, alisimamisha kazi mchana kwenda kuiona, na kesho yake akarudi na nyanya yake mtoto.

Ofisi haikufurahi. Kikao kikaitwa, tukaulizwa mtoto anasafirishwa mpaka mjini kwenda kuchora msumari ili iweje. Mwalimu Ketini hakupandisha sauti. "Huyu mtoto ametazama ukuta nusu saa, akaona vitu vinne," alisema. "Sisi hapa tunapita kwenye kuta kila siku. Tumeona nini?" Kikao kikafungwa, na ziara ikabaki.

Imebaki mpaka Jumatatu iliyopita. Ratiba ya mwakani imebandikwa, na mahali pa ziara pameandikwa mazoezi ya mtihani. Sababu iliyotolewa ni kwamba mwalimu wa kuisimamia anaondoka. Nilimwona mwenyewe akiisoma ile ratiba, miwani mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na la kusema. Iliniuma, na bado inaniuma.

Basi ijulikane kwamba msimamizi yupo. Vipindi vitakavyoliwa siku hiyo ni viwili vya hesabu, ni vyangu, na nimevitoa. Fomu ya maombi nimeijaza na kuiwasilisha, ikiwa na majina arobaini na matatu. Mhudumu wa ukumbi amesema mikeka imefuliwa. Fundi cherehani amejiandikisha kusindikiza, ingawa binti yake alimaliza shule zamani. Fomu ikirudishwa nitaijaza tena, na tena, mimi ni mtu wa hesabu, kurudia hakunichoshi.

Najua pia kwamba taarifa hii itapita mezani kwa Mwalimu Mkuu kabla ya kuchapwa. Naomba asiikate, bali aje nasi. Nimemwekea nafasi mbele ya namba kumi na saba.

Mwalimu wetu, asante kwa miaka yote hii, kwa kelele zako za upande wa pili wa ukuta, na kwa kunifundisha kutazama nikiwa mtu mzima mwenye kiburi. Nenda ukapumzike, uamke saa unayotaka, afya isikupungukie. Muhula wa pili nitasimama mlangoni pa ukumbi, na neno la kusema ninalo.