Wanaoamia Kichwani

Ndani ya basi la asubuhi kutoka Mngeta, mama aliyekaa mbele yangu alikuwa anamweleza jirani yake wa kiti kwamba hajalala wiki ya tatu sasa. Jirani ni kijana anayesomea uuguzi Ifakara. Alikuwa amemwamkia shikamoo, basi akapewa na habari za ugonjwa. Mimi nilitaka kusinzia, lakini hakuna aliyeniuliza.

"Msimu mzima nimeamia ndege," alisema mama. "Alfajiri mpaka jioni navuta kamba ya makopo kuwafukuza wasile mpunga. Mpunga tumevuna, kweleakwelea wameondoka, lakini nikilala mkono bado unavuta. Wifi yangu anasema nimerogwa."

"Hujarogwa, mama. Usingizi hauji kwa kuchoka tu. Kwenye ubongo kuna seli ambazo kazi yake ni kuzinyamazisha zile zinazotuweka macho. Hizo zikilemewa, kichwa kizima kinabaki na kelele."

Nyumba za Ifakara zilikuwa zimeanza kuonekana mama aliposema, "Kumbe na humu ndani kuna wanaoamia."

"Hasa! Wanafukuza kelele ili wewe ulale." Kijana alifurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi wake wa kwanza.

"Kwa hiyo mimi nikilala, wao wako kazini?"

"Ndipo wanapofanya kazi kweli, mama."

"Maskini," alisema, kwa sauti ya mtu anayewajua. "Na wao nani anawapokea zamu?"

Basi likasimama stendi, na kabla mama hajainuka, mkono wake ulivuta pazia la dirisha mara mbili.