Msoma Mita na Kitabu Chake cha Vichekesho

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watano. Shemeji yangu mkubwa alikuwa ameandika wasifu mwingine, wenye maneno "mcheshi" na "kipenzi cha wote". Nimeuweka kando. Mjane ni mimi, nitasoma wangu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, na siku ya kuhitimu alizawadiwa kitabu cha vichekesho kwa usafi wa daftari zake. Tangu hapo hakumtaka mwandishi mwingine. Kuanzia 1970 hadi alipostaafu mwaka 2006 alikuwa msoma mita za maji. Mbwa wa mitaa yote walimjua, na sikusikia hata siku moja kwamba amekosea tarakimu. Haki yake nampa.

Tulifunga ndoa tarehe 14 Juni 1980, tukajaliwa mabinti wawili. Kila jioni alijifungia chumbani na kitabu chake, akacheka mpaka kitanda kikalia. Akitoka, uso mkavu. Nilimwuliza, "Baba Watoto, kuna nini humo? Nisomee na mimi nicheke."

"Vichekesho havielezwi, Mama Watoto. Chai iko wapi?"

Majirani walinipongeza kwa kuolewa na mtu mchangamfu. Mimi kitabu kile nilikichukia kama mke mwenza.

Novemba 2017 kisukari kilimzima macho. Hapo ndipo nilipoitwa chumbani. "Mke wangu, nisomee." Nikasoma kwa hasira, kama notisi ya korti. Tulipofika kwenye kisa cha bwana aliyejifanya kiziwi ili mama mkwe amchoke, na mama mkwe naye akajifanya bubu, wakaishi miaka saba wakiombana chumvi kwa ishara, nilicheka nikashindwa kuendelea. Machozi yalinitoka, miwani ikaanguka.

Marehemu aliinua kichwa kwenye mto. "Kumbe wewe huwa unacheka hivyo?"

Miaka thelathini na saba! Swali hilo sijamsamehe. Kesho yake nilisoma tena, kwa sababu kitabu kinachekesha kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Figo zilichoka, akalazwa, akafariki tarehe 22 Januari 2018. Tulikuwa tumebakiza sura tatu. Yeye alikuwa amezihifadhi kichwani, mimi sizijui.

Jana shemeji alikuja na kitabu mkononi. "Tumwekee jenezani, shemeji. Alikipenda kuliko kitu chochote."

"Hilo nalijua kuliko wewe," nikamwambia. "Kilete hapa."

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na ndugu wanne. Leo jioni mabinti zangu watakaa kitandani kwake, nami nitawasomea kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa sauti. Yeye apumzike kwa amani. Zamu ya kucheka ni yetu.