Kadi ya Maono ya Faith Kahaso Mramba

Mchungaji, wazee wetu, majirani Wakristo na Waislamu mlioacha shughuli zenu kuja hapa Bongwe, mimi ni Mwinga Mramba, kaka wa pekee wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi niliyotaka kuikataa nikakosa wa kumwachia.

Faith Kahaso alizaliwa tarehe 9 Machi 1981 huko Kinango, mtoto wa pili na wa mwisho wa wazazi wetu, tukahamia hapa mwaka 1988, akasoma shule ya msingi hadi 1995, kisha sekondari, akamaliza kidato cha nne Novemba 1999.

Jumapili ya tarehe 17 Agosti 1997, kwenye kambi ya vijana ya kanisa letu Msambweni, kila kijana aligawiwa kadi aandike maono aliyopewa na Mungu, aisome mbele ya waumini na kuwekewa mikono na askofu, na ya Faith ilisema atakwenda Kongo kuhubiri Injili, wala hatafungwa na ndoa. Kanisa zima lilisimama kwa vigelegele, na tangu siku ile hakuitwa tena Kahaso, aliitwa Mmishenari, hata sokoni Ukunda.

Aliajiriwa Februari 2001 kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Diani, kazi ya muda tu kabla ya safari, tuliambiana, akapiga pasi shuka za wageni kwa miaka ishirini na mbili. Kila Jumapili ya kwanza ya Januari wenye kadi husimama kueleza wamefikia wapi, naye alisimama mara ishirini na saba. Jumatatu ya tarehe 5 Septemba 2011 tulimsindikiza kwa nyimbo aanze safari ya Kongo, hadi Lunga Lunga kwenye mpaka wa Tanzania, akakaa juu ya sanduku lake hadi saa kumi jioni akiwasubiri watumishi waliotakiwa kumpokea, hawakuja, na kwa kuona haya alijifungia siku tatu nyumbani kwa jirani yetu Bi Biasha. Bi Biasha, aliyemfundisha kushona, ndiye pekee aliyemwambia, "Mwanangu, huko huendi na hapa hukai, basi utaishi lini?"

Hakuolewa. Nilitaka kuiacha sentensi hiyo hivyo, lakini haitoshi, kwa sababu Jumamosi ya tarehe 10 Julai 2004 Chome, fundi seremala wa hapa hapa, alileta wazee wake kuposa, na wazee wa kanisa pamoja nami tukawajibu kwamba binti huyu amekwisha kutengwa kwa kazi ya Bwana, naye Faith alikuwa jikoni akisonga sima, akatuandalia, wageni wakala wakaondoka. Hakujaliwa mtoto. Chome yupo hapa, jeneza hili amelitengeneza yeye, na hakutaka nimshikie hata ubao.

Mei 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, akalazwa mara nne. Jumapili ya tarehe 5 Januari mwaka huu mchungaji alimpelekea kadi yake kitandani, akamwombea apone aende Kongo, na Faith hakumtazama mchungaji, alinitazama mimi, akasema Amina. Alifariki Jumanne ya tarehe 11 Februari 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mitatu na miezi kumi na moja.

Ndugu zangu, siku ile ya kambi Faith alikuwa amejikata kidole akimenya muhogo, akanipa kadi nimwandikie, akaniambia niandike kwamba anataka cherehani yake mwenyewe, na nyumba yenye watoto watakaolelewa katika kumcha Mungu. Niliona ni jambo dogo mno kusomwa mbele ya askofu, na Kongo nilikuwa naitaka mimi, nikaogopa kuiandika kwenye kadi yangu, nikaiandika kwenye yake. Aliyaona maneno yale akiwa ameshaitwa mbele, askofu amesimama anamngoja, akayasoma yalivyo, wala hakunishtaki kwa mtu hadi anakata roho. Nami nilinyamaza miaka ishirini na saba, nikipiga makofi pamoja nanyi. Nimeona aibu, na bado naona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa chumba cha kufulia waliopokezana zamu ili mtu asikose kando ya kitanda chake, majirani zetu wote, na Bi Biasha aliyemshonea nguo aliyovaa leo.

Kadi hii haitazikwa naye, nitabaki nayo mimi mwenye mwandiko. Pumzika, Kahaso, hapana tena wa kukuuliza safari ni lini.