Mjumbe wa Wanyamavu Anaomba Nafasi

Ndugu Mkurugenzi Fredrika Stjernvall, uliyepanda treni ya usiku kutoka Stockholm kuja kutufungia duka kwa heshima; Ndugu mwakilishi wa halmashauri ya mji wetu wa Luleå; wafanyakazi wenzangu wa zamani, na ninyi mnaobaki wafanyakazi mpaka saa kumi na mbili jioni hii; majenerali, masajini na makoplo wa Muungano wa Nyota Huru, mliovua viatu mlangoni kama mlivyolelewa na kuketi mbele yangu na soksi zenu za sufu; ninyi mliojigeuza Wachimbaji, mkaja mmevaa makasha ya mashine na sasa hamwezi kukaa; na wewe Mama Hilja Lantto, uliyekataa kiti cha mbele mpaka tulipokuambia kwamba ndicho kilicho karibu na kahawa: hamjambo nyote?

Jina langu ni Maj-Lis Åkerblom, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa Wizara ya Habari Njema. Si waziri, Wizara nzima. Kila tangazo lililowaka juu ya skrini zenu kuwaamuru mfurahi, mshambulie, au mfurahi huku mkishambulia, niliandika mimi, nikiwa nimekaa juu ya duka la fundi baiskeli hapo mtaa wa pili, miguu ndani ya mfuko wa kulalia, kwa sababu kipasha joto cha ofisi yetu kilifanya kazi pale kilipojisikia.

Naona wageni waliofuata mikate ya mdalasini tu, na hawajui tunaaga nini. Ndugu zangu, tunaaga mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi, unaoitwa Uhuru wa Lazima. Ndani yake binadamu wote wako chini ya Muungano, na Muungano hupeleka uhuru kwa kila sayari, iwe imeuomba au haikuuomba, na sayari isiyoupokea kwa shukrani hupelekewa tena. Maadui ni watatu. Kuna Wachimbaji, mashine tulizoziunda wenyewe zituchimbie madini, zikatangazwa kuwa waasi siku zilipoomba likizo. Kuna Watu wa Kuvu, ambao kosa lao ni kuota mahali tulipotaka kuegesha vyombo vyetu. Na kuna Wanyamavu wa sayari ya theluji, ambao hatukuwahi kujua wanataka nini, kwa kuwa Wizara ilitangaza kwamba hawana lugha.

Je, tulikuwa tunamcheka nani? Tulijicheka wenyewe, na wengi wenu mlilielewa hilo mapema. Wachache hawakuelewa. Hao waliniandikia kwa adabu kuniuliza Wizara inaajiri lini.

Leo nikiwatazama nakumbuka jinsi tulivyoanza. Muungano ulikuwa na mwandishi, wachoraji na mpiga kinanda. Maadui wote, kutoka mngurumo wa kwanza hadi yowe la mwisho, walikuwa na mtu mmoja, fundi wetu wa sauti, Torbjörn Lantto, huyu hapa anayejificha nyuma ya birika, na ambaye leo pamoja na mchezo wetu anastaafu. Mlio wa Wachimbaji ni kiti chake cha kusukuma barafuni, alichokiburuta juu ya lami mwezi wa Mei hadi jirani akapiga simu kulalamika. Na wale Watu wa Kuvu mliowachoma moto kwa furaha miaka yote hii? Huo ni uji wa shayiri, waheshimiwa. Torbjörn aliupika kwenye sufuria, akaning'iniza kinasa sauti juu yake, kisha tukaula.

Na ninyi, watu wangu, nani atasahau mliyofanya kule Jiwe Tupu? Wizara iliamuru mrudi nyuma kutoka sayari ile, maana haikuwa na chochote, hata jina lake linasema. Mkakataa. Na kwa nini? Kwa sababu Koplo Disa alikwenda kujifungua, akasahau kumtoa askari wake mchezoni, na askari akabaki amesimama peke yake juu ya mwamba, akitazama upande usiofaa. Mkamzunguka. Mkagawana zamu: wa Kiruna asubuhi, wa Uholanzi mchana, wa Brazili sisi tukiwa tumelala. Disa aliporudi mtoto alikuwa tayari anatambaa, na askari wake alikuwa hana hata mkwaruzo. Mimi niliyewaandikia amri kali za kuondoka nilizisoma taarifa zenu kila asubuhi huku nikilia kwenye kahawa yangu, na sioni aibu kusema hivyo. Mkitaka kusubiri, mnajua kusubiri.

Ndiyo maana naomba sasa niseme juu ya Wanyamavu.

Wote mliowahi kutua kwenye sayari ya theluji mnajua inavyokuwa. Kikosi cha watu wanne kinasogea hadi penye nyumba ya barafu. Mlango unafunguka. Anatoka Mnyamavu mmoja, mrefu, aliyejikunja mgongo, hana silaha, mikono wazi. Anaanza kutoa sauti. Juu ya skrini linawaka tangazo langu: HIYO NI KELELE TU. PIGA. Na anayempiga kwanza hupata nishani. Tulimwita Mjumbe, na tulimweka pale kama mzaha mchungu: tuone nani atashusha bunduki. Kikosi kina watu wanne, waheshimiwa. Watatu wakishusha, wa nne anaitaka nishani.

Mimi mwenyewe niliamini kwamba ni kelele. Nilidhani Torbjörn ameichanganya kwenye mashine zake, kama alivyofanya uji. Kisha siku moja ikaja simu kutoka Övertorneå. Aliyepiga ni Rune Mukka, huyu mnayemfahamu kama Sajini Kiazi.

"Nyie watu," akaanza bila hata salamu, "bibi yangu anafanya nini kwenye mchezo wenu?"

"Bibi yako yupi?"

"Yule marehemu! Nilikuwa jikoni, sufuria ya palt, yale madonge ya viazi, inafurika, nimemwacha askari wangu amesimama hivihivi. Nikasikia mtu anaongea sebuleni. Anaongea kikwetu, kama bibi kabisa! Nimetoka mbio na mwiko mkononi."

"Alikuwa anasema nini?"

"Ningejuaje? Nimefika anasema habari za mlango, sijui na nini, halafu huyu mpumbavu Affe wa kikosi changu akampiga risasi. Nimemtukana mpaka viazi vimeungua."

Nikavuka chumba hadi kwa Torbjörn. Nikamvua vipokea sauti vya masikioni.

"Torbjörn. Ile kelele ya Mjumbe ni nini?"

"Ni mama."

"Mama gani?"

"Mama yangu. Ninaye mmoja tu."

Basi kumbe ile ilikuwa meänkieli, lugha ya bonde la mto Torne, iliyopunguzwa kasi kidogo tu ili itoke kwenye kifua kikubwa. Na aliyeisema ameketi hapa mbele yenu akichovya jibini kwenye kahawa yake, kama wafanyavyo kwao. Mama Hilja alipoanza shule, katika shule ambayo sina haja ya kuitaja, mtoto aliyefungua kinywa kwa lugha ya nyumbani kwao alisimamishwa pembeni na kulala bila chakula. Alikua, akazaa, na kwa mwanawe akazungumza Kiswidi, ili mwanawe ale. Torbjörn aliijua lugha ya mama yake kwa kuisikiliza ukutani, wakubwa walipodhani amelala. Akiwa mtu mzima alimwomba mama yake azungumze mbele ya kinasa sauti, akawapa maadui wake wapendwa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, na ofisini hakumwambia mtu.

Nilikwenda Pajala kumwona mama mwenyewe. Njiani nilikuwa nimetunga mpango mzuri sana, wa kiwizara kabisa.

"Mama Hilja," nikamwambia, "tutabadilisha. Kuanzia mwezi ujao, askari atakayemsikiliza Mjumbe mpaka mwisho atapata pointi. Nyingi!"

Akanitazama kama mtu anayetazama samaki aliyeoza. "Utawalipa?"

"Kidogo tu, kuwatia moyo."

"Wewe binti una akili kweli? Ukimlipa mtu akusikilize, hapo amesikiliza pesa yake."

"Basi angalau nitoe lile tangazo langu."

"Liache."

"Linawaambia ni kelele tu, mama."

"Na sisi walituambia hivyohivyo. Liache palepale. Namtaka yule atakayeambiwa asisikilize, na asikilize." Kisha akanisogezea sahani. "Kula hiyo jibini, umekonda kama mlingoti wa bendera."

Nikamwuliza kama hataki tu Torbjörn amchezee ile sauti, aisikie yote, moyo wake utulie. Akacheka. Alisema maneno yake anayajua, aliyasema mwenyewe. Na kwamba hata shuleni walisikika vizuri, kusikika ndiko kulikowaponza. "Kusikia walitusikia, mwanangu," akasema. "Hakuna aliyengoja tumalize."

Nawajua pia waliofukua mafaili yetu wakaitoa ile sauti na kuicheza kinyumenyume wakimtafuta shetani. Mama Hilja hawahesabu hao. Wala hahesabu kofia zenu. Ndiyo, kofia! Nawaona mmezivaa humu ndani, zimeandikwa yale maneno mawili ya kwanza ya Mjumbe, oota vähän, ambayo mmekuwa mkipigiana kelele kwa miaka kila mnapofyatua, kutoka hapa hadi Brazili, bila kujua yana maana gani. Yana maana ya "subiri kidogo".

Naona mnazivua. Vizuri.

Kila Krismasi, Torbjörn humweka mama yake mbele ya skrini, na wote wawili hutazama watu wasiowajua wakicheza kwenye sayari ya theluji. Mama anafuma soksi. Mlango unafunguka, Mjumbe anatoka, na mama anasimamisha sindano zake, anainama mbele kidogo. Risasi. Mama anasema, "Basi, mwaka huu tena hapana," halafu anauliza nani anaongezwa nyama. Nimekuwepo mara mbili. Mara ya pili nilitoka nje kwenye baridi bila koti, kwa sababu niliona sindano zilichelewa kuanza tena. Ni mwanamke mkali, hapendi kuonewa huruma, na sasa hivi ananikazia macho ninyamaze. Sinyamazi, mama. Kwa mujibu wa kompyuta zetu, ambazo kwa mambo mengine zilitudanganya sana, hajatokea askari hata mmoja aliyesimama mbele ya Mjumbe akamsikiliza mpaka akamaliza.

Na leo saa kumi na mbili Ndugu Fredrika atazima seva. Simlaumu, wachezaji wamepungua, umeme unalipiwa, na amekuja mwenyewe badala ya kututumia ujumbe, jambo ambalo kwa watu wa Stockholm ni ungwana mkubwa. Ila zikizimwa, ndiyo basi. Hakutakuwa na Krismasi nyingine ya kutazama.

Torbjörn amefanya kazi yake ya mwisho. Ameihamishia vita yote kwenye sayari ya theluji. Wachimbaji wamepewa likizo yao hatimaye, Watu wa Kuvu wameachwa waote. Popote mlipo jioni hii ya Wanyamavu, ninyi mlioshika vidhibiti vya mchezo katika ukumbi huu na wenzenu walio majumbani kwao, mtaujia mlango uleule mmoja. Nishani iko palepale. Tangazo langu litawaka kama kawaida, kwa herufi zilezile kubwa, maana mama mwenyewe amekataa liondolewe. Sitawaomba kitu. Mama amenikataza kuwaomba, na hapa nilipofika nadhani nimeshamvunjia amri yake mara kadhaa. Affe, sikutazami wewe. Natazama ukuta ulio nyuma yako.

Nitasema tu ninavyowajua. Ninyi ni watu mliolinda mwamba mtupu miezi na miezi kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuwepo. Huyu yupo. Ana miaka themanini na minne, ameketi safu ya kwanza, ameweka ufumaji wake sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hajui afanye nini na mikono yake.

Torbjörn, tunakushukuru kwa maadui. Tulichekeshwa nao, tulitishwa nao, na kama ungetuambia mapema tungewapenda mapema zaidi. Ndugu Mkurugenzi, ndugu wa halmashauri, tunashukuru kwa ukumbi na kwa subira. Na ninyi askari, kwa ujana wetu mliouweka hai juu ya duka la baiskeli, sina neno linalotosha.

Mlango unafunguka. Tazameni skrini. Nimewaamuru mambo ya ajabu kwa miaka kumi na moja, na leo mmeniacha niseme mpaka mwisho bila mtu kuninyooshea bunduki. Kwa hilo asanteni sana. Mimi nimemaliza. Sasa mwacheni naye amalize.