Babu Ziba, Fundi wa Nyumba Zisizopitisha Baridi

Miaka yake ya mwisho, kila asubuhi kabla ya chai, Babu alimwomba muuza maziwa amgongee mlango. Mwenyewe alijifungia ndani, akaketi chumba cha nyuma, akatega sikio.

"Umesikia, mzee?"

"Kidogo. Gonga tena, kama mtu aliyechoka na safari."

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, kitindamimba wa mfyatua matofali, katika chumba cha mabati kilichowaka mchana na kuganda usiku. Shule aliishia darasa la sita, alipofiwa na baba yake. Akajifunza useremala, na mwaka 1981 akaanza kazi iliyompa jina la Ziba: kukarabati nyumba za watu ili zisile umeme na kuni bure. Alitandaza sufi nene juu ya dari, akafunga madirisha ya vioo viwili, akazungusha mipira ya kuziba upenyo milangoni. Alipita kila chumba na kijiti cha udi mkononi, na pale moshi ulipoyumba alisema, "Mwizi wenu anaingilia hapa."

Tarehe 6 Agosti 1983 alimwoa mshonaji wa mapazia, wakajaliwa binti mmoja. Kwake mwenyewe baridi ilipita chini ya mlango kama mwenye nyumba. "Fundi wa watu, wa kwako tunalala na makoti!" Bibi alimtania. "Zamu yenu inakuja," alijibu. Haikuja. Bibi alifariki mwaka 2012, na binti, akiwa mjamzito, alipoaga kwenda kuishi mji mwingine, Babu alipandwa na hasira: "Ukiondoka, usije kunigongea."

Akaondoka. Ndipo Babu akaishika nyumba yake. Miezi minne, peke yake, aliziba kila ufa ili binti akirudi asitetemeke. Simu hakupiga, alitaka kwanza amalize.

Tarehe 20 Julai 2013 binti alikuja, mtoto mgongoni, akabisha hodi. Babu alikuwa ndani, anakula. Hakusikia kitu. Aliambiwa na jirani kesho yake, akapiga simu mbio.

"Baba, nimebisha mpaka mkono ukaniuma. Ulisema nisikugongee. Nimeelewa."

"Mwanangu, ni mipira! Ni vioo! Sikusikia!"

"Mlango gani huo, Baba, usiopitisha hata sauti ya mtoto?"

Hakuja tena. Babu aling'oa mpira wa mlango. Baridi ikarudi, kifua kikamshika. Daktari alimwambia azibe. "Nizibe, halafu?" alimjibu.

Alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 5 Juni 2024, akiwa na miaka 68. Ameacha dada mmoja, binti yake, na mjukuu wa miaka kumi na moja ambaye hakuwahi kumwona.

Siku mbili kabla, aliurudisha ule mpira mlangoni. "Akija sipo, hana haja ya kugonga. Aingie tu kwenye joto." Akamwachia muuza maziwa ufunguo ampe binti, akavaa koti, akatoka kwa miguu yake kwenda hospitali. Hakurudi.

Apumzike, na huko alikokwenda hodi yake isikike mara tu anapobisha.