Nicanor Ogutu, Mdomo Uliorudisha Mlango Wetu

Ijumaa hii, tarehe 28 Agosti 2026, Mzee Nicanor Ogutu anastaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kusoma magazeti hewani katika Redio Kibarazani, Kawangware, na kutueleza sote ni wapi magazeti hayo yamekosea. Ametimiza miaka sitini. Anaondoka na sauti yake, na meno yake mengi, na bila kesi hata moja mahakamani, jambo ambalo kamati haikulitarajia. Tunashusha pumzi.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa akiuza vitabu vya mtumba Soko la Toi, amevimwaga juu ya gunia. Hakuitwa. Alikuja kulalamika kwamba mtangazaji wetu wa wakati huo alisoma vichwa vya habari kama mtu anayeita majina ya wagonjwa kliniki. Caren, meneja wetu, hakuwa na muda wa kubishana. Alimwambia, "Basi jaduong', mzee wangu, kesho soma wewe tukuone." Kesho yake akasoma. Hajatoka tena mpaka leo.

Kipindi chake, Tumesoma, kilianza saa moja asubuhi. Nicanor alitoka kwake Silanga, Kibera, gizani, akapitia Toi, akafika Kawangware akiwa na magazeti mawili kwapani na la tatu kichwani, kwa sababu hilo la tatu alilisoma bure akiwa amesimama mbele ya muuzaji. Gazeti likiandika kwamba habari imetoka kwa duru za kuaminika, yeye aliuliza ni duru za wapi, za vibanda vya Kibera au za majumba ya Karen. Mwanasiasa akiahidi kusafisha Bwawa la Nairobi, Nicanor alimkumbusha hewani kwamba hayo anayoyaita maji yamefunikwa na majani, na kwamba majirani zake wa Silanga hupalilia sukuma wiki pale kando bila kulowesha viatu. Wabunge wanaovaa miwani myeusi matangani aliwataka wavue kwanza tuone kama wanalia.

Vitabu navyo havikupona. Riwaya za mapenzi alizipima kwa kipimo kimoja: nani anachota maji? "Watu wanapendana kurasa mia mbili," aliwahi kusema, "na hakuna aliyebeba mtungi. Hao si wapenzi, hao ni wageni." Tangu siku hiyo kuna wasikilizaji ambao hawawezi kusoma riwaya bila kutafuta mtungi.

Kuhusu filamu, lazima ukweli usemwe sasa kwa kuwa hawezi tena kuadhibiwa. Katika miaka yake ya mwanzo Nicanor alitazama filamu katika kibanda cha video kule Silanga ambako stima ilipotea karibu kila jioni. Filamu nyingi alizozichambua alikuwa ameziona nusu. Mwisho aliutunga mwenyewe akitembea kuja kazini. Mama mmoja, Wagaki, alinunua diski kwa sababu ya uchambuzi wake, akairudisha dukani akisema ni feki, kwa maana yule jambazi hakuomba msamaha mbele ya mamake kama redio ilivyosema. Mwenye duka akamwambia hakuna mahali jambazi anaomba msamaha. Wagaki akajibu, "Basi hiyo yenu imekatwa." Mpaka leo anaamini redio.

Lakini kama ni jambo moja la kumkumbuka nalo, ni lile la mlango.

Studio yetu iko ghorofa ya kwanza katika ploti ya vyumba vya kupangisha ya Mzee Gerishon, ambaye familia yake imekuwa Kawangware tangu enzi za malisho. Mwaka wa 2022 Mzee Gerishon aligombea kiti cha mwakilishi wadi. Caren alimketisha Nicanor chini na kumsihi kwa jina la Mungu na la wafanyakazi wote wanane: amkosoe yeyote atakaye, ila mwenye ploti asimguse. Tukifukuzwa hapa, hakuna mwenye nyumba mwingine atakayekubali tumfungie mlingoti juu ya paa. Nicanor alikubali, na ilimuuma. Kampeni nzima aliwachambua wagombea wengine mmoja mmoja kama mtu anayechambua mchele, akifika kwa Gerishon anaweka wimbo.

Gerishon alianguka vibaya. Ni mgombea mmoja tu aliyekuwa nyuma yake, na huyo alikuwa amejiondoa wiki mbili kabla ya kura.

Jumatatu iliyofuata Dedan, msimamizi wa ploti, alipanda ngazi na bisibisi, akasalimia vizuri, akaanza kung'oa mlango wa studio. Wapangaji wa mitaa yetu wanajua maana yake. Mwenye nyumba akitaka uhame hapotezi karatasi, anatoa mlango. Kodi tulikuwa tumelipa. Dedan mwenyewe hakujua kosa letu. "Mimi nimetumwa tu, boss," alimwambia Nicanor. "Endeleeni kutangaza, mimi sina kelele." Wakati huo kipindi kilikuwa hewani. Wasikilizaji wakasikia skrubu zikianguka, kisha kuku, kisha mama wa mandazi wa chini akigombana na mteja kuhusu chenji. Mitambo yote ilikuwa wazi kwa kila mpita ngazi. Caren alikaa juu ya ule mkubwa kama kuku anayeatamia.

Saa nne Mzee Gerishon akaja mwenyewe.

"Baba Waithira," Caren akaanza, "tumekukosea wapi? Hatujawahi kukutaja vibaya hata siku moja."

"Hiyo ndiyo shida yenyewe!" Gerishon akapiga fimbo sakafuni. "Hamjanitaja vibaya, hamjanitaja vizuri, hamjanitaja! Yule kijana wa bodaboda mlisema ana akili ya grader ya barabara, inafanya kazi mwaka wa kura pekee. Akapata kura! Yule mama wa kwaya mlisema ahadi zake ni ndefu kuliko bomba la maji, na kavu vilevile. Akapata kura! Mimi je? Ng'ombe za babangu zilikula nyasi hapa kabla ya nyinyi wote. Na watu wananiuliza, 'Kwani wewe ni nani?' Kwa ploti yangu! Wapangaji wangu!"

Nicanor akavua vipokea sauti.

"Mzee, unataka kusema ulitaka nikuseme?"

"Kama wengine! Ama mimi sitoshi?"

Uso wa Nicanor uling'aa kama wa mtoto aliyeambiwa shule imefungwa. Alimtazama Caren. Caren akafunika macho kwa mkono, akatikisa kichwa, kisha akakubali kwa kidole kimoja.

Asubuhi iliyofuata magazeti hayakufunguliwa kabisa. Kipindi chote kilikuwa Gerishon. Nicanor alianza na picha ya mabango, ambayo alisema ilipigwa siku mgombea alipooa na bado inasubiri keki. Akasema Mzee alipopita kuomba kura alisalimia ng'ombe kwa majina na wapangaji kwa nambari za vyumba. Akasema lango la ploti hufungwa saa nne kama bweni la wasichana. Kwa haki, akakiri kwamba ndiye mgombea pekee ambaye hakuvunja ahadi, kwa kuwa hakutoa yoyote. Halafu akafika kwenye choo, kimoja, kwa milango thelathini.

Simu ikalia. Alikuwa Gerishon, hewani.

"Rekebisha hapo. Si kimoja. Ni viwili. Kimoja kimefungwa."

"Kimefungwa na nani, Mzee?"

"Na mimi."

"Kwa nini?"

Tukamsikia akifikiri. "Kilikuwa cha wageni."

Ghorofa nzima ilicheka, na kutoka chini tulisikia ploti ikicheka pia. Dedan alikuwa ameshafika ngazini na mlango wetu mgongoni, ametumwa kuurudisha, redio ya simu ikilia mfukoni, akicheka hadi akaangusha bawaba. Kufikia saa tatu tulikuwa na mlango. Kufikia Ijumaa choo cha pili kilikuwa wazi. Katika orodha ya mafanikio ya Redio Kibarazani tunayowatumia wafadhili kuna semina nyingi, lakini choo hicho ndicho kinachotumika kila siku. Mzee Gerishon naye siku hizi husalimiwa kwa jina na kila mtoto wa Kawangware, na hupanda ngazi zetu kuuliza kama kuna lolote baya limesemwa juu yake wiki hiyo. Likikosekana, hushuka amenuna.

Sisi tulijifunza kitu, na ndiyo maana wasifu huu haukuja na sifa tupu. Kumsifu mtu kutoka mwanzo hadi mwisho ni njia ya adabu ya kumnyamazia. Kwa hivyo, Mzee Nicanor, iandikwe hapa kwamba umekunywa chai ya kila mfanyakazi wa kituo hiki na hukuwahi kuosha kikombe. Kurasa za michezo hukuzisoma hata mara moja, ukadai mpira hauna hoja. Taarifa ya kwanza ya Audrey, ambaye sasa anachukua kiti chako, uliiita uji wa hospitali, tena mbele ya mamake. Na ulikuwa sahihi mara nyingi mno, tabia ambayo inachosha sana kufanya nayo kazi.

Asante kwa yote, jaduong'. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na majirani wanaojua kubishana. Jumatatu saa moja asubuhi Audrey ataketi mbele ya maikrofoni, na habari ya kwanza aliyopanga kuichambua ni hii ya kustaafu kwako. Ametuonyesha alichoandika. Hajakuonea huruma hata kidogo.

Washa redio.